Muuguzi Aliyejichoma Kidole Kwanza

Leo ni Ijumaa, tarehe ishirini na nane Novemba. Nimeombwa niandike maneno ya sherehe hii ya kuaga kwa niaba ya familia za wagonjwa, nami naahidi kusema yote, hata ya nyumbani kwetu yasiyopendeza.

Keshokutwa muuguzi wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Ishirini na miwili kati yake ameitumikia kliniki ya sukari ya wazee, chumba cha mwisho, chenye mlango wa kijani unaokwama. Wazee wanamwita Mama Sindano. Kila Jumanne alijichoma kidole chake kwanza, akaisoma namba yake kwa sauti, kisha akauliza nani anaogopa kuliko yeye. Mzee mmoja, fundi saa, alikuwa akificha mikono mfukoni. Mama Sindano alimtania, "Babu, saa za watu unazifungua tumbo, kidole tu kinakushinda?" Benchi zima lilicheka, na mkono ukatoka.

Bibi yangu, naye mgonjwa wa kliniki hiyo, alipenda kusifiwa. Akawa hali chakula wala hanywi chai kabla ya kliniki, ila vidonge alimeza vyote, ili namba iwe ndogo. Mimi ndiye niliyeiandika daftarini kwa wino wa bluu, nikijivuna. Nilikuwa darasa la tano, na nilijua kwamba hajala.

Jumanne moja alianza kutetemeka pale kwenye benchi, jasho likimtoka, akaniita kwa jina la mama yangu. Kipimo kilisema mbili nukta tisa. Mama Sindano alimnywesha maji ya sukari, akamshika mkono mpaka macho yakatulia, ndipo akampa mkate. Hakumgombeza.

"Mama, mimi sitoi zawadi kwa namba ndogo," alisema. "Kwa umri wako na dawa zako, saba au nane kabla ya kula inanitosha. Hiyo ya leo ndiyo inayonitisha. Kula, halafu niletee namba ya kweli."

Kisha akachukua rula yangu, akachora safu mpya daftarini: Amekula nini? Siku hizi kila daftari la kliniki lina safu hiyo. Bibi hajatetemeka tena kwa miaka minne.

Asante, Mama Sindano. Miguu yako iliyosimama miaka yote hiyo sasa itembee inakotaka, nawe uamke Jumanne bila haraka.

Ila bibi ameliweka daftari juu ya kabati. Anasema hatoi kidole kwa mgeni. Je, Jumanne ijayo utakuja ukae naye kwenye benchi, mara moja tu, mpaka amzoee muuguzi mpya? Nitakuwa langoni sherehe ikiisha, nasubiri jibu lako.