Waya Uliopungua Mkono Mmoja

Waliokuwepo Alhamisi ile baada ya sala ya alasiri, katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu fundi Ahmadi pale Uyole, ni hawa: Bi Mwantumu mwenyewe, mjane wa fundi, akiwa ameegemezwa mito miwili, mwanawe Iqbal, aliyesimama mlangoni na funguo za gari mkononi mpaka alipoambiwa akae, binti yake Naima, aliyefika mchana kwa basi kutoka Iringa na alikuwa hajavua hata koti, Ruwaida, mke wa Iqbal, mtoto wake wa miezi saba akiwa amelala mgongoni, na Tupokigwe, jirani wa ukuta mmoja, ambaye Bi Mwantumu alitaka awepo kwa sababu, alisema, wanangu wakisikia jambo la aibu watakubaliana kulisahau, lakini Tupokigwe hatakubali. Fundi Sedekia hakuwepo. Alikuwa hajakanyaga nyumba ile kwa miaka ishirini na mbili. Gari jipya la Iqbal, lile linalotumia umeme, lilikuwa uani, na tangu Jumanne Bi Mwantumu alikuwa amekataza lisichajiwe, bila kusema sababu. Ruwaida alilikunja blanketi vizuri kwenye miguu ya mama mkwe wake, na Bi Mwantumu akaanza.

Sikilizeni wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyonayo inatosha kusema mara moja tu. Mirathi sitaizungumzia sana. Nyumba hii na kile kiwanja cha Igawilo mtagawana kama dini ilivyopanga, sheikh atawasomea, na Naima asipunjwe kwa kuwa ameolewa mbali. Ninachotaka kusema ni kitu asichokijua sheikh, na baba yenu amekufa bila kukijua, nacho kimo darini, juu ya vichwa vyenu.

Iqbal, tangu ulipoleta gari hili nimekuwa kama mtoto. Nililizunguka mara tatu nikitafuta bomba la moshi. Nikakuuliza mafuta yanaingilia wapi, ukasema, "Mama, hili linachajiwa kama simu." Ulipotoka nalo mjini nikaweka kiganja kwenye boneti, nikakuta limepoa kama sinia. Nikataka kujua, jua hili hili linalokausha mahindi yangu kwenye turubai linaingiaje kwenye paneli, linakaaje ndani ya betri, na asubuhi linakutoaje hapa mpaka Mafiati na abiria wanne. Ukanieleza vizuri, hukunicheka, na nashukuru. Lakini ukasema sola itakuja baadaye, kwanza tutumie umeme wa nyumba. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Jumapili ulichomeka gari kwenye soketi ya chumba chenu cha nyuma, waya ukapita dirishani. Taa ya koridoni ikafifia. Breka ikakata umeme. Ukairudisha, ikakata tena. Ukamleta yule kijana kutoka mjini, akasema breka ni ndogo, akaweka kubwa, na kweli haikukata tena, mkafurahi. Wanangu, ile breka ilikuwa inatuonea huruma, nasi tukaifukuza. Jumatatu Ruwaida akaona chumba chake kinanuka samaki. Akatoa usipa wote jikoni, akaosha beseni, akaosha sinia, akafua mpaka pazia, mtoto akiwa mgongoni, wala hakumnung'unikia mtu. Mimi nilijua siyo usipa. Plastiki ya waya ikipata joto inanuka samaki kabla haijanuka moshi. Harufu ile nimeinusa mara mbili maishani, na mara ya kwanza ilikuwa siku stoo yetu ilipoungua. Ndiyo maana Jumanne nilimwambia Ruwaida achomoe gari, ahamie na mtoto hapa kwangu, akanitii bila kuuliza, ingawa najua ninakoroma.

Sasa niwaambie. Mwaka tulioongeza stoo na vyumba viwili vya nyuma, baba yenu alikuwa fundi umeme anayeitwa kila mahali, lakini alikuwa na tumbo, na tundu la kuingilia darini lilikuwa dogo. Fundi mwenzake alikuwa Sedekia. Walifanya kazi pamoja miaka minane, wakila sahani moja. Sedekia alifunga meni swichi, akapima kila kitu cha chini, kisha akaitwa Makongolosi kwenye kazi ya wiki mbili. Nasi tulikuwa tumebakiza siku mbili kufika Idi, na wageni wanakuja. Nikasema nitapanda mimi kuvuta waya. Nilikuwa mwembamba enzi hizo. Tupokigwe, unacheka nini? Nilikuwa mwembamba, wewe mwenyewe uliniona.

Nilitambaa kule juu na tochi mdomoni, na sikuwahi kumwambia mtu, lakini nilipapenda. Nilipenda kuiona nyumba yangu kwa juu, kujua kwamba waya huu ndio unaokwenda kwenye taa ya jikoni, na ule unashuka ukutani nyuma ya kabati. Nilipofika juu ya stoo, waya ukaisha, umepungua kama mkono mmoja. Nikaenda juu ya chumba cha nyuma, ambacho leo ni cha Ruwaida, nako ukapungua vilevile. Baba yenu akapaza sauti kutoka chini, "Umefika?" Nikasema, "Umefika!" Akasema, "Una hakika?" Nikamjibu, "Basi panda mwenyewe na hilo tumbo!" Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikatoa vipande vya waya mwembamba vilivyobaki mfukoni, nikavisokota kama ninavyosuka nywele, na tepu ilipoisha nikachana upindo wa kanga yangu, nikafunga viungo vyote viwili. Alipowasha meni swichi, taa zikawaka. Wallahi sijawahi kufurahi vile. Nilitaka kumwambia baada ya Idi. Kisha nikataka kumwambia wageni wakiondoka. Kisha nikaacha kutaka.

Mwaka wa tatu stoo ikaungua, mchana kweupe. Iqbal, ulikuwa na miaka tisa, ukaingia kumtoa paka, ubao wa dari ukakuangukia begani. Kovu unalo. Baba yenu alipokwisha kukutoa hospitali akasema waya wa darini ulifika wote, basi kosa ni la meni swichi, kazi ya Sedekia. Sedekia akaja, akasema, "Kaka Ahmadi, niruhusu nipande nione." Akapanda. Aliposhuka alikuwa na kitambaa mkononi, kimeungua nusu, kidogo kama jani la chai. Nami nilisimama pale chini ya ngazi nimevaa kipande cha pili cha doti ile ile. Akaitazama kanga yangu. Akanitazama mimi. Akakitia mfukoni. Baba yenu akamuuliza, "Haya, umeona nini?" Akajibu, "Kumeungua kote, kaka. Hakuonekani kitu."

Ijumaa ile, watu wakitoka msikitini, baba yenu akasema mbele yao wote kwamba Sedekia nusura amuulie mtoto. Watu wakaacha kumwita. Akauza ngazi yake, akarudi kwao milimani kulima viazi. Na wewe Iqbal umekua ukitema mate ukisikia jina lake, na mimi nilikuona ukitema, nikanyamaza, nikakupakulia chakula.

Kaa, Iqbal. Kaa chini. Utanikasirikia baadaye, una maisha yako yote ya kunikasirikia. Leo nisikilize.

Kile kiungo cha pili kipo mpaka leo. Kipo juu ya kitanda chenu, hatua tatu kutoka ukuta wa koridoni. Kwa taa na redio kilivumilia. Kwa gari hakitavumilia. Kwa hiyo neno la kwanza ni hili: mtu asichomeke gari ndani ya nyumba hii, na mtu asilale chumba kile, mpaka waya wote wa zamani utolewe. Gari livutiwe waya wake peke yake, mnene, kutoka meni swichi mpaka uani, na nondo ya ethi, ile ya kushusha umeme unaovuja, izikwe ardhini, siyo kuegeshwa ukutani kama nilivyoona kwa watu. Ile breka kubwa itoke. Kisha ndiyo mfunge sola, kwenye bati la upande wa kaskazini, maana ndiko jua linakoshinda.

Neno la pili, kazi hiyo afanye Sedekia. Tupokigwe ananiambia siku hizi anafunga sola kule juu, amewasha zahanati na kanisa, na anashuka sokoni na pikipiki ya umeme anayoichaji kwa paneli zilizo juu ya banda la ng'ombe. Nimetamani kwenda kuliona hilo banda. Nimetamani kumuuliza, mvua za Machi anafanyaje, wingu likikaa wiki nzima? Yeye atajua. Na lile sanduku la vifaa vya baba yenu si la kugawana. Alinipa mimi kabla hajafa, koleo, testa na vyote, na mimi nampa Sedekia. Hata sheikh hatakataa, ni kidogo.

Neno la tatu ndilo zito. Nipeni maji kwanza. Ahsante Ruwaida, mwanangu, mikono yako haichoki.

Siku ya kunizika, mkishanisalia, Iqbal utasimama kama watoto wa marehemu wanavyosimama, useme mwenye kumdai mama yangu ajitokeze. Usingoje mtu ajitokeze, kwa sababu yeye hatakuja kudai. Sema wewe. Sema: mama yangu anadaiwa na Sedekia jina lake, moto ule ulikuwa wa mama yangu. Sema kwa sauti, mbele ya hao hao waliosikia siku ile, waliobaki. Siwezi kukulazimisha nikiwa ndani ya sanda. Nakuomba tu. Naona umefunika uso... Funika, lakini masikio acha wazi.

Na kuna jambo nataka kujua, nalo nimelibeba miaka yote. Nimekutana naye sokoni mara nyingi, na kila mara ananiuliza, "Shemeji, bega la Iqbal linaendeleaje?" Hajawahi kuuliza lingine. Kwa nini alinyamaza? Aliona baba yenu ataniacha? Aliwaonea huruma nyie, wadogo? Sikumuuliza, maana kuuliza kungekuwa kukiri. Muulizeni kwa niaba yangu. Mimi sitasikia jibu, lakini... lisikieni nyie.

Naima, vua koti, mwanangu. Umefika nyumbani. Tupokigwe, kile kipande cha kanga kilichobaki, kimo chini ya godoro... nivalisheni mpaka saa ya kuoshwa. Msigombane. Iqbal na dada yako msigombane juu ya ukuta wala bati. Mungu awape nyumba yenye taa isiyowatisha. Mungu amlinde aliyelala mgongoni hapo. Awape... awape watu wa kuwasitiri kama nilivyositiriwa, nanyi muwe na moyo wa kuwaambia ahsante mapema. Mimi nilichelewa.

Fungueni dirisha. Bado kuna jua? Acheni liingie... liingie tu.

Bi Mwantumu alifariki kesho yake asubuhi, akazikwa baada ya sala ya Ijumaa. Iqbal alisimama mbele ya watu, akasema kama alivyoombwa. Sedekia alikuja Jumatano. Naima alipomuuliza lile swali la mama yake, alisema yeye hakumbuki kuona kitu chochote siku ile, akaomba ngazi.