Mzee Methusela Shemhilu na Pembe Isiyowekwa Chini

Mzee Methusela Shemhilu, tunayemsindikiza leo Jumatatu tarehe 5 Agosti 1957, alizaliwa Mlalo, Usambara, tarehe 12 Machi 1892. Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1906, akabatizwa. Mwaka huohuo baba yake alimkabidhi pembe ya nyati ya ukoo, ambayo wazee walisema ina zaidi ya miaka mia tano. Waliogombana huishika pamoja, wakanywa kwa zamu, wakapatana. Haina kitako, hivyo ikijazwa haiwekwi chini hadi iishe. Ikimwagika, ugomvi unabaki palepale.

Tangu hapo marehemu hakuonja usingizi mnono. Mwaka 1911 alishuka Muheza kufanya kazi ya mkonge, na roho yake ikawa juu juu, akihofu joto la pwani litaipasua pembe. Kila Jumamosi aliisugua kwa samli. Mkewe Dorkasi, aliyefunga naye ndoa kanisani mwaka 1919, alikuwa akimtania, "Baba Noa, pembe yala samli kuliko wanao!"

"Wanangu hawapasuki, mama," humjibu.

Laiti angalijua. Alipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa aliacha pombe, akawa anaijaza togwa, na watu wa kambi nzima ya mkonge walipatanishwa kwa pembe ile. Kwa wanawe tu hakuthubutu. Mwaka 1954 mwanawe mkubwa Noa, ambaye ni mwalimu, alitaka pembe ikabidhiwe kanisa. Mdogo wake Manase akashikilia irudi Mlalo. Wakanuniana hata shikamoo ikakatika. Marehemu alihofu kwamba akiwaita, mmoja ataiachia mbele za watu, na undugu uishie hapo. Basi ikawa kesho, keshokutwa, mpaka miaka ikapita.

Kifua kilimshika mwaka jana. Hospitalini Tanga wanawe walimwona kwa kupishana, huyu akitoka ndipo yule aingie. Siku ya mwisho alimwambia binti yake, "Yudith mwanangu, wajazie wewe. Mie nimeshindwa." Alifariki Jumamosi tarehe 3 Agosti, alfajiri.

Ameacha mjane, Dorkasi, watoto watatu na wajukuu tisa. Kabla ya udongo kutiwa, Yudith atasimama kando ya kaburi na pembe iliyojaa togwa. Tunapoandika haya hatujui itakuwaje.

Noa, Manase: pembe ni nzito, na dada yenu hana pa kuiweka. Mpokeeni.

Bwana naye ampokee baba yenu kwa amani.