Ubeti Mmoja, Miaka Minne

Benchi lile zamani lilikuwa mlango. Mtu aliulaza juu ya matofali nje ya chumba cha dobi, akasahau kung'oa bawaba, na mpaka leo anayekaa upande wa kushoto huinuka na suruali imechanika. Upande huo huachiwa wageni. Wenyeji ni watatu. Yupo kinyozi wa duka la pili, aliyejipachika jina la Meneja kwa kuwa, kwa kauli yake mwenyewe, alishawahi kunyoa vichwa viwili vilivyokuja kujulikana. Yupo mzee aliyegonga mihuri ofisini miaka thelathini akastaafu akiwa na kidole gumba chenye wino usiotoka. Huyo ni Stempu. Na yupo fundi redio na simu, Antena, ambaye habari ya mtu maarufu haimpiti, iwe ya kweli au ya uongo. Kahawa inatoka kwa Shangazi, mwenye meza ya bati na birika jeusi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yao. Mchana ule wote walikuwa na kazi zinazowasubiri na hakuna aliyezigusa. Walikuwa na kazi kubwa zaidi: kumfanya dobi awe maarufu kabla ya saa tisa.

Dobi mwenyewe, waliyemwita Mvuke, alisimama mlangoni nyuma ya meza yake ya kupigia pasi, akiunyoosha mkono wa koti jeupe ambao alikwisha kuunyoosha mara mbili. Redio ilikuwa inatafuta waimbaji wapya. Usaili ni leo saa tisa, na tangazo lilisema wazi: kila mtu aje na wimbo wa kujitungia, mzima, mwanzo hadi mwisho. Asubuhi mkewe alimwekea chai mezani na maneno mawili matatu.

— Baba watoto, mimi sigombani. Leo nenda. Usipochukuliwa, Jumatatu unaanza kule hospitali, kaka yangu ameshakusemea.

Kule hospitali ni chumba cha kufulia mashuka. Mvuke alikwenda kukiona. Mashine sita zinanguruma toka asubuhi, na mtu akitaka kukusemesha lazima akuguse bega. Alisimama mle ndani dakika kumi, akajaribu kuimba kidogo, hakujisikia mwenyewe. Tangu siku hiyo halali vizuri.

— Saa ngapi? — aliuliza.

— Saa saba kasoro, — alisema Antena. — Umeuliza sasa hivi, bwana. Tulia.

— Nimetulia.

— Umetulia nini, unaipiga pasi hewa! Koti liko huku.

Kweli. Mvuke aliirudisha pasi kwenye koti.

— Turudi kwenye mambo ya msingi, — alisema Stempu, akifungua bahasha ya kaki aliyokuja nayo. — Mdogo wangu, kipaji bila faili ni kelele. Nimekuandalia. Barua ya maombi, picha nne, na majina ya watu wawili wanaokufahamu. Wa kwanza ni mimi.

— Na wa pili?

— Wa pili pia mimi, nimetumia jina la ukoo.

— Mzee, wale wanataka kusikia sauti, — alisema Shangazi.

— Sauti itasikika vipi kama haijasajiliwa? Nimekaa ofisini miaka thelathini. Nimeona watu wenye akili wakirudishwa nyumbani kwa kukosa muhuri mmoja, na nimeona mabwege wanapita na faili limenona. Usinifundishe.

Meneja alimeza kahawa yake kwa mkupuo mmoja, akapangusa mdomo.

— Mzee, heshima yako, lakini zama zako zimepita. Umaarufu unaanza na kichwa. Hebu mtazameni huyu. Kichwa kama hiki kiko kwenye kila foleni. Nani atakikumbuka? Nipe nusu saa nimnyoe upande mmoja tu.

— Upande mmoja! — Mvuke alishika kichwa.

— Upande mmoja. Watu wataanza kubishana: amesahau? Ameumwa? Kinyozi wake amekufa? Wakishabishana, tayari wewe ni maarufu. Kuimba utaimba baadaye.

— Na mke wangu?

— Mwoneshe ule upande wenye nywele.

Walicheka, na Mvuke alicheka pia. Ndivyo walivyokuwa siku zote. Miaka minne amekuwa akiimba pale mlangoni huku anapiga pasi, na miaka minne watu hawa wamekuwa wakimpangia maisha. Wamempa majina saba ya jukwaani, wakagombana kwa ajili ya kila moja. Wamemfundisha kupiga sahihi inayopanda juu mwishoni. Antena alimfanyia mahojiano benchini, na bisibisi mdomoni badala ya kipaza sauti, akamuuliza anajisikiaje kupendwa na mamilioni. Mvuke alijibu vizuri sana. Alishukuru mpaka mama mkwe.

Watu wa namna hii wamejaa kila mtaa, na wala si wabaya. Watakupa vyote isipokuwa nafasi ya kufanya kazi yenyewe.

— Nyote mko nyuma, — alisema Antena. Alisogea ukingoni mwa benchi, ishara kwamba linakuja jambo. — Siku hizi hapana faili, hapana nywele. Siku hizi ni kashfa. Mvuke akiwa anaingia pale redioni, Meneja anamrukia mlangoni, anamshika kola, anapiga kelele: «Mwizi wewe, umeniibia wimbo wangu!» Mimi narekodi. Kesho nchi nzima inauliza: wimbo gani huo ulioibwa?

— Halafu polisi? — aliuliza Shangazi.

— Polisi ni faida, Shangazi! Akilala ndani siku moja ndiyo bora kabisa.

— Usaili ni saa tisa leo. Akilala ndani ataimba kwa nani?

Antena alisogea tena katikati ya benchi. Hilo hakuwa amelipangia.

Wakati huo akaja mwanamke mmoja kwa mwendo wa haraka, mkoba begani, viatu vizito vya kazi. Alikuwa mpishi wa hoteli, mgeni pale, na koti jeupe lililokuwa mezani lilikuwa lake.

— Kaka, habari za mchana. Nimefuata koti. Naingia zamu saa nane.

— Nzuri, dada. Bado kola na mkono wa pili. Kaa kidogo, dakika tano.

Alikaa upande wa kushoto. Wote wakasubiri. Bawaba ikamuuma, akaruka, akatazama alichokalia, akasogea kulia akiwabana wote watatu bila kuomba radhi. Meneja alimpenda hapo hapo.

— Dada, una bahati, — alisema Meneja. — Koti lako linapigwa pasi na mtu ambaye kesho hutampata. Ni mwimbaji.

— Kumbe? Anaimba nini?

— Ana wimbo hatari. Mvuke, mwimbie mgeni.

Mvuke alijikuna shingo. Saa? Saba na dakika kumi. Akainama juu ya kola, maana hakuwahi kuweza kuimba huku akimtazama mtu, akaanza. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilitoka chini, nzito kidogo, na ilipopanda hupati kujua imepandia wapi.

*Nalijua shati lako kabla sijajua jina,*
*Najua ulikoketi na ulikoegemea,*
*Kola imeshika jasho la siku nzima ya jana,*
*Mfuko una barua, wapi inaelekea?*

— Hapo hapo! — Meneja alipiga goti. — Hapo hapo, usiongeze! Mmesikia hiyo «inaelekea»? Watu watazimia!

Na Mvuke, kama kila siku, alinyamaza upesi kuliko alivyoombwa.

— Mimi nasema hivi, — Antena alidakia, uso umewaka. — Nimepata. Hii sasa ndiyo yenyewe. Tutangaze kwamba amekufa.

— Nani?

— Mvuke! Sikilizeni kwanza. Mwimbaji hai lazima aombe wimbo wake upigwe. Marehemu anapigwa toka alfajiri bila kuomba. Tunapeleka taarifa leo: dobi mwenye kipaji amefariki kabla ya usaili wake. Watalia! Mwezi mmoja wanampiga yeye tu. Halafu anatokea.

— Anatokea wapi, kaburini?

— Nyuma ya nyumba, amejificha kwa dada yake.

— Cheti cha kifo kinataka mihuri miwili, — alisema Stempu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuvutiwa. — Lakini si jambo lisilowezekana.

— Mtamuua mtu mchana kweupe! — alifoka Shangazi. — Na mke wake avae nguo za msiba kwa ajili ya redio?

— Mwezi mmoja tu, Shangazi!

— Samahani, — alisema mpishi.

Hawakumsikia. Meneja alikuwa anataka kujua maiti hunyolewa mtindo gani.

— Samahanini jamani, — alisema tena, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele jikoni. — Mimi nauliza tu. Hiyo barua ilikwenda wapi?

— Barua gani? — alisema Antena.

— Ya kwenye wimbo. Iliyo mfukoni. Ilikuwa ya nani?

Meneja alimgeukia Antena, Antena akamgeukia Stempu, na Stempu, ambaye barua ndizo zilikuwa maisha yake, alikitazama kidole chake chenye wino.

— Ni… barua tu, dada, — alisema Meneja. — Ni wimbo.

— Naelewa ni wimbo. Lakini mtu kanionesha barua, kanyamaza. Sasa mimi nitakwendaje kazini? Nyie mmeusikia mara ngapi?

— Kila siku, — alisema Shangazi polepole. — Miaka minne.

— Na hamjui?

Shangazi aliinua birika ajazie vikombe. Likatoa mashapo, akaliweka chini. Wote wakamgeukia Mvuke.

Mvuke alikuwa anajua. Hilo ndilo lililomkera. Si kwamba ubeti wa pili ulimshinda, hakuwahi kuuita. Miaka minne iliyopita alipokea shati la bluu, akiwa bado mgeni kwenye kazi na mwenye haraka, akalitumbukiza kwenye beseni bila kupekua mifuko. Kupekua mifuko ni jambo la kwanza. Dobi asiyepekua ni sawa na kinyozi asiyeuliza. Alipolitoa aliikuta barua mfukoni imekuwa uji. Karatasi tatu zilizokunjwa vizuri, maandishi ya mkono, wino umekwenda na maji. Alisoma maneno mawili tu, «kama ukiamua», basi. Akakwangua mfuko kwa kijiko, akalipiga pasi shati mpaka likang'aa. Mwenyewe alipokuja, kijana mtanashati, jambo la kwanza aliingiza vidole mfukoni. Akavitoa.

— Hukuona kitu humu?

— Sikuona, — Mvuke alijibu.

Yule kijana alisimama pale muda mrefu kuliko mtu anavyosimama kwa ajili ya shati. Akalipa, akaondoka. Hakurudi tena. Jioni ile Mvuke alianza kuimba juu ya shati na kola na jasho, na alipofika kwenye barua, kwa bahati, Meneja alipiga goti akasema hapo hapo. Akashukuru. Na kesho yake pia.

Sasa hakuna aliyesema hapo hapo. Aligundua kwamba anasubiri mtu aseme. Alimtazama Meneja kwa macho ya kumwomba kabisa: sema, nyoa, fufua, ua, sema chochote. Meneja alitazama viatu vyake.

Harufu ya kuungua ikaanza. Aliinyakua pasi juu ya kola. Bahati yake, ilikuwa bado nyeupe. Akaisimamisha pembeni.

— Ilikuwa barua kweli, — alisema.

— Ya kwako? — aliuliza Antena.

— Si yangu. Niache.

Alilikunja koti, akalikunjua, akalikunja tena. Saa saba na nusu. Kutoka pale mpaka redioni ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Angeweza kwenda na ubeti mmoja wakamrudisha. Jumatatu angeingia kwenye zile mashine na hakuna ambaye angemuuliza swali tena mpaka anazeeka. Wazo hilo lilimpa nafuu, na nafuu ile ikamtia hasira. Akakohoa. Safari hii hakuwa na kola ya kuinamia. Alimtazama mpishi, maana ndiye aliyeuliza, na sauti ilipotoka ilitetemeka kama ya mtu anayesoma mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

*Niliifua na shati, sikumwambia mwenyewe.*

Kina hakikukubali kwenda na «inaelekea». Hata yeye alikisikia kinavyokwama. Stempu alivuta pumzi kwa nguvu, akaifunga ile bahasha ya kaki taratibu. Antena alinyanyua kidole kama mtu mwenye wazo, akakishusha.

Mpishi alikuwa ameshasimama, koti limelala mkononi, mkoba begani. Alitazama barabara ya kwendea kazini. Zamu ilikuwa inamsubiri, na mpishi mkuu hakuwa mtu wa masihara. Halafu akakaa tena, mahali pale pale alipokuwa, akiwabana.

— Kisha? — alisema.