Mama Luciana na Nyumba Tuliyomjengea

Marehemu Luciana Paskali Ntandu alizaliwa Mwankoko, Singida, tarehe 14 Machi 1949, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Paskali Ntandu. Alisoma hadi darasa la nne, akaacha ili amuuguze mama yake. Maisha yake yote alilima alizeti na uwele.

Mwaka 1968 alifunga ndoa na marehemu Melkizedeki Mpahi. Walijenga tembe, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa, wakajaliwa watoto wanne. Mlango wa tembe ile haukuwahi kuwa na kufuli. Jirani yake, Mama Rebeka, aliingia bila hodi, wakachambua mboga huku wakiteta mtaa mzima, na sisi watoto tukiwemo.

Mwaka 2021 mtaa ulipimwa, barabara zikachongwa, na nyumba mpya zikaanza kuota kila upande. Mimi Ignas, mwanawe wa kwanza ninayewasomea wasifu huu, niliona aibu wafanyakazi wenzangu waione tembe. Niliibomoa, nikajenga nyumba ya matofali yenye vigae, ukuta na geti, nikahamia naye humo. Sikumuuliza. Ni kweli kikohozi cha moshi kilimwisha, na hilo nilijisifia sana. Lakini masikio yake yalikuwa mazito. Watu waligonga geti, hakuwasikia, wakakata tamaa. Akaanza kutoa kigoda na kukaa barabarani.

"Mama, ingia ndani. Watu watasema hatukutunzi," nilimwambia.

"Hao watu ndio ninaowasubiri, mwanangu."

Nikaanza kufunga geti kwa kufuli kila nilipokwenda kazini.

Tangu hapo alikula kidogo, hakutembea, miguu ikavimba na presha ikapanda. Dawa hazikukosekana. Tarehe 3 Juni 2024 alianguka sebuleni. Mama Rebeka alikuwa akipita, akamsikia akiita, akanipigia simu. Nilikuwa mbali, Manyoni kikazi, ufunguo wa geti mfukoni. Vijana wa mtaa waliruka ukuta wakamtoa. Alifariki hospitalini tarehe 5 Juni, akiwa na umri wa miaka 75.

Marehemu ameacha watoto wanne, Ignas, Dina, Paschal na Loyce, wajukuu kumi na mmoja, na Mama Rebeka, ambaye naomba apewe pole kama sisi. Siku hizi tatu geti limekuwa wazi kwa sababu ya msiba, na nyumba imejaa watu. Hiki ndicho alichokuwa akikitaka. Mungu amlaze mama yetu mahali pasipo upweke, na ninyi majirani mnisamehe.