Jani la Sale Nililolikataa

Eliezeri, zima hiyo simu. Praygod, mwanangu, niinue kidogo, weka mto mwingine mgongoni, hapo hapo, basi. Eliezeri, najua gari limeshapakiwa, mikungu ya ndizi imeshafungwa kwenye buti na Jumatatu unatakiwa kazini Dar es Salaam, lakini Krismasi imekwisha na mwezi huu wa kwanza mimi sitaumaliza. Daktari aliwanong'oneza ninyi pale koridoni nami nikasikia, kwa hiyo ndizi zitasubiri. Sikilizeni wanangu, msinikatize, maana pumzi iliyobaki ni ya kupimia na sitaki kuimalizia kwenye mabishano.

Kwanza mjue kwamba kufa siogopi. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka thelathini na moja, nimesimama kwenye makaburi ya kila kihamba, kila shamba la ukoo la kijiji hiki, nikiwaambia wafiwa kwamba tutaonana asubuhi ile ya ufufuo, na sikuwa nasema kwa mazoea, nilikuwa naamini, na sasa nilivyolala hapa naamini kuliko siku zote. Wanasema huko barabara ni za dhahabu. Sawa, mimi dhahabu sina haja nayo, nitafurahi kumwona mama yenu amesimama bila ile fimbo yake. Ila kuna mtu mmoja ambaye naogopa kukutana naye asubuhi hiyo, naye ni baba yenu mdogo, Anaeli.

Mnajua kwamba mimi na ndugu yangu wa toka nitoke hatukusalimiana miaka kumi na tisa mpaka akafa, na nyumba yake iko hatua mia moja kutoka kitanda hiki. Watu wote wanasema tuligombea maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, nami niliwaacha waseme hivyo kwa sababu ilinifaa. Ni kweli kwamba mwaka ule wa kiangazi aligeuzia maji kwake siku ya zamu yangu, miche yangu ya kahawa mia mbili ikakauka, nami nikamtukana mbele ya mkewe Hilda na mbele ya wanaume wote waliokuja kusafisha mfongo. Lakini hayo ni ya kawaida, ndugu hugombana. Kilichotuua sisi ni kilichofuata, na hicho sijamwambia mtu isipokuwa mama yenu, naye amekwenda nacho.

Jumapili yake asubuhi nimeshavaa suti, nasubiri kengele ya pili, Anaeli akaja mpaka mlangoni ameshika jani la sale alilolifunga fundo. Ninyi mmekua mkiyaona masale yamesimama mpakani, mnadhani ni ua wa kuzuia mbuzi. Kwetu sisi, mtu akikuletea sale lenye fundo amekuja kuomba radhi, na hata kama amekumwagia damu ya mwanao, unalipokea. Baba yangu hakuwahi kulikataa, na babu yangu ambaye hakubatizwa kamwe hakuwahi kulikataa. Mimi, mzee wa kanisa, nililikataa. Nilimwambia, "Hapa kwangu hatuabudu majani, hayo ni mambo ya mizimu, ukitaka msamaha nenda kwa mchungaji." Nikalipokonya nikalitupa chini, kwenye majani ya ng'ombe. Yeye akainama, akaliokota, akalifutia kwenye shati lake jeupe la kanisani, akaondoka nalo. Nami nikaenda kanisani, nikasoma neno la siku kwa sauti nzuri, nikapokea meza ya Bwana.

Niacheni nilie, si aibu.

Bwana mwenyewe alishatuagiza kwamba mtu akikumbuka ndugu yake ana neno naye, aiache sadaka pale pale madhabahuni aende kwanza wakapatane, na mimi nilikuwa naifundisha habari hiyo darasa la kipaimara. Haikuwa imani iliyonifanya nilitupe lile jani, wanangu, ilikuwa kiburi kilichovaa suti. Nilimshika Yesu kama mtu anavyoshika fimbo ya kufukuzia mbwa. Na Anaeli alipokufa, miaka sita iliyopita, nilikaa kwenye hema pamoja na wageni kutoka mjini, nikatupa udongo wangu, nikarudi nyumbani nikala.

Nawaambia haya kwa sababu ugonjwa huu haukuwa wangu peke yangu. Tazameni mlima huu ulivyo sasa. Watu wanajenga kuta za matofali kuzunguka vihamba, geti lina kengele, na ndani amelala bibi kizee mmoja na mbwa wawili. Watoto wa tumbo moja wanashtakiana baraza la ardhi kwa migomba minne, kisha Desemba wanakaa benchi moja kanisani na kuimba kwa sauti. Vijana wa rika la Praygod wanakufa kwa gongo huku wazazi wao wakikimbilia mjini kwa manabii kununua maji ya chupa ya kuondolea mikosi, na hakuna anayemuuliza kijana, mwanangu, nini kinakusumbua. Hatukosi dini, jamani. Makanisa yamejaa mpaka watu wanakaa nje kwenye viti vya plastiki. Tunachokosa ni mtu wa kwenda kugonga kwa jirani na kusema nimekosa, na mwingine wa kufungua.

Lakini sitaki mtoke hapa mnafikiri dunia imekwisha. Mfongo ule ulioziba mwaka wa mvua kubwa, wazee walisema basi, hautatiririka tena, na vijana walitoka na majembe wiki tatu, maji yakashuka. Mungu hajatuchoka. Kama angekuwa ametuchoka, mimi nisingeamka leo na akili zangu timamu na sauti ya kusemea.

Sasa mali, maana najua mnasubiri, msijifanye hamsubiri. Nyumba hii na kihamba ni vya Praygod kwa sababu ni mtoto wa mwisho na ndivyo tunavyofanya, ila Praygod, ukiuza hata kona moja kwa mtu wa hoteli umemuuza mama yako, kwa sababu amelala humo. Na upunguze kujisifu kwa wageni unaowapeleka kileleni, siku moja mlima utakusikia. Eliezeri, wewe nilikupa kiwanja cha Rau ukajenga, Mungu akupe maisha marefu humo. Shamba la mpunga la Mabogini ni la Ruth.

Usikunje uso, Eliezeri. Najua mtoto wa kike kwetu hapewi ardhi. Dada yenu amenifulia na kunilisha mtori kwa kijiko miezi saba, na nyote wawili mlikuwa mnapiga simu kuuliza nimekula nini. Nimelala hapa nikipanga desturi zetu moja moja, nikaona niliitupa ile niliyopaswa kuishika nikaishika ile niliyopaswa kuitupa. Mchungaji ameandika, nimetia sahihi, na mwenye neno aniambie mimi sasa hivi, asingoje nizikwe aende barazani. Unaitikia, Eliezeri? Vizuri.

Bado moja, nayo ndiyo kubwa. Sitaki kuzikwa pale mbele ya nyumba kwenye vigae mlivyopanga. Kaburi la Anaeli liko mpakani kabisa, upande wao, limeegemea masale. Nataka mnichimbie pembeni yake, ili siku ile tarumbeta ikilia, nikijifuta udongo machoni, wa kwanza kumwona awe yeye, tusitafutane katikati ya watu wengi. Lakini ardhi ile ni ya Hilda. Nami nilikataa sale la mumewe, kwa hiyo siwezi kusema kwamba yeye hana ruhusa ya kunikatalia.

Ndiyo maana hamjamwona Ruth. Leo baada ya kukamua ng'ombe nilimwambia akate jani kwenye masale yetu, nikalifunga fundo mwenyewe, mara tatu linafunguka, nikamtuma alipeleke. Jua lilikuwa dirishani alipotoka, sasa limefika kwenye kabati. Hatua mia moja hizo. Hilda akikataa, msimnunie wala msimsemee vibaya, anayo haki. Nizikeni popote, na mwaka unaofuata mpelekeeni sale tena, na mwaka mwingine tena, na akifa yeye, wapelekeeni watoto wake. Msichoke. Msamaha hauna...

Mbwa anabweka. Praygod, chungulia. Ni nani? Ni Ruth? Yuko peke yake?

Hilda. Ingia, ingia, huo mlango si wa kubishwa na wewe. Eliezeri, mpishe kiti shangazi... mama yako mdogo, akili zinakimbia. Unasema nini, Hilda? Sogea, masikio haya nayo yamezeeka. Hicho ni kitabu cha nyimbo cha Anaeli, nakijua, kile chenye jalada lililoshonwa kwa uzi. Unafungua nini humo?

Ee Mungu.

Wanangu, tazameni. Limekauka, limekuwa rangi ya tumbaku, lakini fundo lipo. Hakulifungua. Unasema aliliweka humu Jumapili ile ile? Na alisema nini? Rudia, watoto wasikie. Kwamba, "Kaka akija kuliomba, mpe, usimuulize kitu." Miaka kumi na tisa, wanangu, kila Jumapili alikaa mabenchi matatu nyuma yangu na jani hili kitabuni, anangoja nigeuke. Sikugeuka. Na yeye hakuchoka.

Nipe, mama. Niwekee mkononi, mimi mwenyewe nitalishika. Nimelipokea. Mmeona nyote? Nimelipokea.

Asante, Hilda, kwa kunikubalia nilale pembeni yake. Praygod... chukua panga. Usingoje nife. Nenda pale mpakani, toa masale mawili, matatu, upana wa watu wawili kupita na jeneza, njia ibaki wazi, msije mkaiziba. Ndizi hizo za kwenye buti, mkungu mmoja mkubwa, peleka kwa mama yako mdogo. Jani hili mtanizika nalo mkononi, nataka nimwonyeshe.

Njooni karibu, siwaoni vizuri. Ruth, mkono wako. Aliyenitunza mimi mwenye shingo ngumu awatunze ninyi, awape chakula mezani na mtu wa kula naye, mkikosana jua lisizame kabla mmoja hajavuka mpaka, na siku ile... tuwe wote... asipungue hata mmoja.

Basi. Mto... punguza.

Hilda. Uliniamkia pale mlangoni, sijakujibu. Marahaba, shemeji. Marahaba.