Picha ya Kichwa cha Fundi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu kwenye kibaraza cha duka la fundi cherehani, na mwenye birika la kahawa ni mimi. Fundi hajawahi kuandika kipimo cha mteja hata siku moja. Vyote huviweka kichwani. Ndiyo maana tulishtuka alipomkatia Wakili suruali kwa vipimo vya Kinyozi. (Wakili huyu anachonga funguo, ila kubisha ndiyo kazi yake hasa.) Mkono wa Fundi kutetemeka tulishazoea, ni ugonjwa wa Parkinson, anao miaka. Kusahau ndiko kulikomtisha binti yake. Akampeleka kupigwa picha ya ubongo, akaapa kwamba majibu yakiwa mabaya duka analifunga. Leo ndiyo ilikuwa siku ya majibu, na mimi roho ilikuwa juu juu.

— Kwani wanatafuta nini humo kichwani? akauliza Kinyozi.

— Taka, nikamjibu. Binti alisema zinaitwa amiloidi. Zinajikusanya kwenye ubongo.

— Taka? akadakia Saa Mbovu, mtengeneza saa. Si wangeniita mimi! Saa ikijaa vumbi naiosha kwa petroli, inatembea.

— Umwoshe binadamu kwa petroli? nikauliza.

— Tone moja moja, sikioni. Haba na haba hujaza kibaba.

— Acha ujinga wewe! Wakili akasimama, suruali ikamwishia juu ya vifundo. Zimemponza sifa. Miaka thelathini mnamsifu tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi ubongo wake umeingia maji!

— Wote hamjui kitu, akasema Kinyozi. Mimi nashika vichwa kila siku ya Mungu. Hizo taka ni nywele zilizokosea njia, zikaota kwa ndani.

— Sasa zinanyolewaje?

— Hapo ndipo bado nafanya utafiti.

Nikawaona wanakuja, baba na binti. Fundi anatembea polepole, mkono mmoja unatetemeka, mwingine umekumbatia bahasha kubwa. Hakuna aliyethubutu kumeza kahawa.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba mwanetu. Sema basi, tunakufa hapa!

— Hazipo.

— Nini hazipo?

— Hizo taka. Daktari katuonyesha. Baba ana Parkinson, na ndiyo iliyoanza kugusa kumbukumbu zake. Hiyo bado anayo. Lakini wapo wanaokutwa na amiloidi pamoja na Parkinson, na hao mara nyingi husahau kwa kasi zaidi. Baba huo mzigo wa pili hana.

— Na duka?

— Duka liko palepale. Yeye atapima, mimi nitaandika na kushona.

Jamani, nilipiga vigelegele mimi mwanamume mzima! Birika likanitoka mkononi, kahawa yote chini, na hakuna aliyenilaumu. Kinyozi alikuwa anafuta machozi kwa taulo la wateja. Saa Mbovu akamkumbatia Wakili, watu ambao hawajasalimiana tangu juzi.

Fundi akaitoa picha kwenye bahasha, akaiinua juu, nayo ikatetemeka pamoja na mkono.

— Miezi mitatu mnanong'ona habari zangu, mnadhani sisikii! Haya, tazameni wenyewe! Safi!

— Umeishika kichwa chini, akasema Wakili.

— Hata kichwa chini, safi!

Tukacheka mpaka benchi likalia. Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja mgeni, kitambaa kwapani, anasubiri kupimwa gauni. Alikuwa ametusikiliza tangu enzi za petroli.

— Samahani, akasema kwa upole. Na nyinyi wengine, picha zenu zilitokaje?

Saa Mbovu akamtazama Kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi. Wakili akakaa, akaanza kuivuta suruali yake ifike vifundoni.

Fundi akaning'iniza futi kamba ya kupimia shingoni.

— Hao hawajapimwa, mama, akasema. Karibu ndani.