Joto la Kompyuta Kumi na Sita

Atusaye: Haloo? Nani mwenzangu?

Andwele: Shikamoo shangazi. Ni mimi, Andwele, napiga toka Dar.

Atusaye: Marahaba mwanangu! Ngoja nisogee dirishani, mtandao humu wa kubahatisha. (mkwaruzo) Enhe, sema.

Andwele: Kompyuta zangu hapo chuoni zinaendeleaje?

Atusaye: Zote kumi na sita zinanguruma. Nimefagia, nimepiga deki, nime—

Andwele: Hujachomoa waya?

Atusaye: We mtoto! Uziunge wiki nzima zifanye kazi kama kompyuta moja, halafu nichomoe? Nina wazimu?

Andwele: Nisamehe. Leo siku ya nane zinapiga hesabu za maji ya Ziwa Rukwa. Zikimaliza kesho, ndiyo shahada yangu ya udaktari hiyo. Hata moja ikizima, naanza upya.

Atusaye: Hazizimi. Zimestarehe, chumba kina joto utadhani Dar.

Andwele: Joto?

Atusaye: Si unaijua baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita? Nimefunga madirisha yote.

Andwele: Shangazi! Tumezileta huko Ufipa kufuata baridi hiyo hiyo! Huku ziliungua—

Atusaye: Na nimezifunika.

Andwele: Umezi... na nini?

Atusaye: Vitambaa vya kufuma. Kumi na sita, kwa mkono wangu. Nyumba gani ya heshima ina redio isiyo na kitambaa?

Andwele: Zinakosa pumzi! Fungua madirisha, toa vitambaa, sasa hivi! Vocha inaisha!

Atusaye: Usinipigie kelele. (madirisha yanagonga) Uuuh, upepo gani huu! Hii ya tano inachoma kama kikaango.

Andwele: Haijazima?

Atusaye: Kijitaa chake kinakonyeza.

Andwele: Na nyingine?

Atusaye: Tulia nihesabu. (mkwaruzo) ...kumi na nne, kumi na tano... na hii ya pembeni. Zote zinakonyeza.

Andwele: Ah, Mungu wangu! Asante, shangazi. Nilishakata tamaa. Hivyo vitambaa weka kabatini.

Atusaye: Nitavifumua tu.

Andwele: Uvifumue kwa nini?

Atusaye: Kila kimoja nimetia jina. "Dokta Andwele." Na kama hesabu bado, basi na udokta bado...

Andwele: "Dokta..." (mkwaruzo)

Atusaye: Haloo? Umekatika?

Andwele: Nipo. Usifumue hata uzi mmoja. Nakuomba, nilindie kompyuta mpaka kesho, madirisha wazi.

Atusaye: Nimeshavaa masweta mawili, siondoki. Haya, vocha isiishe bure. Kwa heri, Dokta.

Andwele: Bado, shang—